Ufunguo wa Nyumba ya Hafidh

Stratford,
London E15.
29 Novemba 1992

Mpendwa Shangazi Zuwena,

Assalaamu alaykum. Naanza kwa kukuamkia, shikamoo, na kuibusu mikono yako yote miwili ingawa nchi nyingi zimekaa katikati yetu. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa Mbarouk akuletee imekufikia, au aliishia kujichua mwenyewe? Na ngazi za hizo fleti za Kikwajuni, bado unazipanda na ndoo ya maji mkononi? Nakuomba umwache mtu akusaidie. Ukaidi wako naujua, maana nimeurithi.

Sisi hapa wazima, alhamdulillahi. Abdulwakil anakohoa kwa baridi lakini kazini anakwenda. Watoto wanasoma vizuri. Ukizungumza nao kwenye simu wanakuelewa kila neno, kisha wanakujibu Kiingereza. Usikasirike, ndivyo walivyo watoto wa huku. Mimi niko pale pale kaunsili, ofisi ya nyumba, nasikiliza watu wakilalamikia mabomba na unyevunyevu kutoka asubuhi mpaka jioni.

Uzima wa mwili ninao, Shangazi. Wa moyo ndio sina. Barua hii nimeianza na kuichana, nikaianza tena, kwa sababu kila nikiandika habari njema naona nakudanganya, na nikiandika mbaya naona namwonea mtu. Leo nimeamua kuandika kama mambo yalivyokuwa, nawe utajua la kufanya.

Uliniagiza niende Ujerumani kwa kaka yangu Hafidh, niione hiyo nyumba aliyoinunua na mkewe, nikueleze ilikuwa ya nani, niifukize, na nikiona haina heri nirudi naye London. Nimekwenda. Nilipanda meli ya kwenda Hamburg, na pale forodhani bwana mmoja alifungua furushi lako la ubani na udi, akanusa, akamwita mwenzake naye akanusa. Nikawaambia ni manukato ya nyumba. Wakaniachia, lakini walinitazama mpaka nikapotea.

Kutoka hapo ni treni, kisha basi, kisha Hafidh na gari lake kuukuu. Kijiji kinaitwa Zarmow. Kiko upande ule uliokuwa wa Mashariki, chini ya saa moja kwa gari kutoka Rostock, na Rostock ndiko tulikoona kwenye televisheni mwezi wa nane, jengo walilokaa Wavietnamu likichomwa moto na watu wamesimama chini wakipiga makofi. Njia nzima nilikuwa nikihesabu vijana wenye vichwa vilivyonyolewa. Hafidh alicheka, akasema wengine ni upara tu.

Nyumba ni kubwa, Shangazi, kubwa ya kutisha. Unaifikia kwa njia iliyonyooka yenye miti mirefu huku na huku, kwa hivyo anayekuja anaonekana kutoka mbali, na aliyemo ndani anamsubiri. Msingi wake ni mawe ya shambani, makubwa na ya mviringo, na juu yake matofali mekundu. Paa lina mikunjo miwili. Chini limesimama karibu wima kama ukuta, juu limelala. Mbele kuna ngazi pana za mawe, na juu ya mlango palikuwa na nembo ya wenyewe, ngao na mnyama fulani. Sasa yamebaki makwato tu, mengine yalichongwa kwa patasi baada ya vita.

Ndani ndiko kulikonitia hofu zaidi. Vyumba vya mbele vimepangwa safu moja, na milango yake yote imekaa mstari mmoja. Ikiwa wazi, ukisimama huku mwisho unaona dirisha la mwisho kule. Hafidh anasema mabwana wa zamani walipenda hivyo, mgeni aone utajiri wote kwa jicho moja. Mimi niliona kwamba humo huwezi kujificha. Watumishi walikuwa na njia yao ya peke yao, ngazi nyembamba ndani ya kuta, kutoka ghala la chini mpaka darini, na ukumbini zinatokea kwa mlango uliobandikwa karatasi ile ile ya ukutani, hauna kitasa. Usipoonyeshwa huuoni.

Uliuliza ni ya nani. Ilisimamishwa na ukoo wa mabwana zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Ngano ndiyo iliyoijenga, na wakulima ambao siku hizo hawakuruhusiwa kuhama wala kuoa bila idhini ya bwana. Watumwa hawakuitwa, lakini mimi na wewe tunajua jina si kitu. Vita vya mwisho vilipokwisha, Warusi wakaja, mabwana wakapakia mikokoteni usiku wakakimbia, ardhi ikagaiwa. Ndani ya jumba wakatiwa wakimbizi waliofukuzwa mashariki, familia moja chumba kimoja, kila dirisha limetobolewa kupitisha bomba la jiko. Miongoni mwao alikuwa mama yake Anne, mke wa Hafidh. Alikuwa mjamzito, akapewa chumba kilichokuwa cha vitabu, na humo ndimo alimozaliwa Anne.

Habari za nyumba ya mwinyi kugaiwa chumba kwa chumba, sisi hatuhitaji kuelezwa. Mengine siandiki, barua hupita mikono mingi.

Baadaye serikali yao ikafanya humo skuli ya watoto wadogo, duka la kijiji, na jiko la kuwapikia watu wa shamba la ushirika. Ukumbi mkubwa, ule wenye maua ya chokaa darini, wakawa wanauchezea ngoma za mavuno na harusi. Hafidh alipopelekwa kule kijana kusomea useremala, ndimo alimokutana na Anne, na ghorofani wakapewa vyumba viwili. Kisha Ujerumani mbili zikaungana. Skuli ikafungwa, duka likafungwa, waliokaa wakahamia mjini, madirisha yakapigiwa mbao. Wakabaki wao wawili, na kijiji kikawauzia jumba lote, paa linavuja na kuvu imeanza kula sakafu.

Sasa fikiri, Shangazi. Kila mtu wa Zarmow ana kipande chake ndani ya nyumba ile. Huyu alinyonyeshwa humo, yule aliolea humo. Wote wametoka, na mwenye ufunguo ni Mwafrika mmoja. Niliwaona wakipita getini, wanapunguza mwendo, wanatazama juu. Hafidh akawa anawapungia mkono. Baadhi walimpungia.

Haya, nifike kwenye ubani wako, maana ndio uliozua yote.

Tulingoja Alhamisi, Anne amekwenda mjini kumwangalia mama yake. Anne moshi haupendi, ingawa sigara anavuta. Wewe kwako chetezo kimoja kinakutosha, unaanza mlangoni, unazunguka, umemaliza na moshi bado mbichi. Kule tukifika chumba cha tano, cha kwanza kimeshasahau. Nikamwambia Hafidh tuweke chetezo kila chumba, vyote vifuke pamoja. Akatoa mabakuli ya bati yaliyobaki ya ile skuli, tukatia mchanga, makaa kutoka kwenye majiko ya vigae wanayopashia joto, na ubani juu. Darini nikaweka mwingi zaidi, kwa sababu ulisema baya hukimbilia juu. Kisha, kama ulivyotufundisha, nikafungua madirisha yote ili lililo baya litoke.

Likatoka, Shangazi. Lilitoka kila dirisha na kila tundu la paa, jeupe na zito, maghribi ile nchi inaingia giza. Mimi nilikuwa ndani nasoma Yasini. Haikunijia hata mara moja kufikiri nyumba inaonekanaje kwa nje.

Mara kijiji kikalia. King'ora, kinapanda na kushuka. Hafidh alisimama na bakuli mkononi, kisha akaenda dirishani, na sura yake ikawa ile ya usiku ambao wewe ulituficha chini ya kitanda. Taa zilikuwa zinakuja kwa njia ya miti, zinakimbia, na nyuma yake sauti za wanaume. Baadaye aliniambia king'ora kile amekisikia miaka yote na anajua ni cha zimamoto. Lakini nyumba yake haikuwa inaungua, na watu wanakuja kwake, basi moto ni upi kama si wanaouleta wao? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi wote wawili tumeumwa.

Alizima taa. Akateremka, akaufunga mlango mkuu na kuuwekea komeo la mti. Mimi akanisukuma ndani ya ule mlango wa karatasi, akaurudisha, akaniambia nisitoke hata nikimsikia akilia.

Nilisimama kwenye ngazi za watumishi, giza tupu, pua imejaa ubani. Nikasikia mlango mkuu unapigwa. Nikasikia wanamwita Hafidh kwa jina lake, wengi kwa pamoja, na hilo ndilo lililonimaliza, kwamba wanamjua kwa jina. Kioo kikavunjika chini. Kisha nikasikia viatu. Havikuwa ukumbini. Vilikuwa kwenye ngazi nilizosimama mimi, vinapanda kutoka ghalani, haraka, bila kupapasa, kama mtu anayepanda kwao. Shangazi, sijapata kuogopa hivyo hata usiku ule wa chini ya kitanda. Nilikuwa natoa shahada kwa sauti taa iliponipiga usoni. Jitu kubwa la kofia ya chuma likanishika mkono, likausukuma ule mlango kwa bega pale pale unapofungukia, likanitoa.

Alikuwa mkuu wa zimamoto. Vijiji vya kule zimamoto ni wanakijiji wenyewe, mtu anaacha chakula chake anakimbia kuvaa kofia. Jina lake Lothar, fundi wa matrekta, na utoto wake wote alikulia jumba lile. Ngazi zile alikuwa akizichezea.

Walipoona mabakuli, na ubani, na msahafu wangu, walisimama wasijue la kufanya. Hafidh alikuwa nyuma ya mlango mkuu, bado ameshika nyundo. Lothar akamwuliza neno moja. Sikulifahamu pale, Hafidh ndiye aliyenitafsiria.

"Kwa nini ulitufungia mlango?"

Na Hafidh akamjibu, "Nilidhani mmekuja kunichoma."

Hakuna aliyecheka. Lothar alivua kofia, akakaa kwenye ngazi za mawe, akajifuta uso kwa kiganja. Wenziwe sita wakavua zao. Ndipo nami nikaanza kulia, nikalia mpaka nikaona haya.

Nikawapikia chai ya maziwa na tangawizi, maana sikuwa na jingine la kuwapa. Wakatembea vyumbani na vikombe vyao. Mmoja alionyesha kitanda chake cha kulala mchana kilipokuwa, mwingine mahali aliposimama siku ya harusi yake. Ungewaona ungesema ni hitima ya mtu wa nyumba. Nilianza kuandika barua yako kichwani, nikuambie mwache, yuko kwa watu wake.

Lakini mmoja hakuvua kofia, Shangazi. Kijana wa miaka ishirini na kitu. Chai hakunywa. Alisimama ukumbini pale chokaa ilipoanguka akitazama boriti za juu, na alimwuliza Hafidh jambo moja tu, kama boriti zote za nyumba ni msonobari. Hafidh, seremala, amefurahi kuulizwa. Akamwambia ndiyo, zote, za miaka mia mbili, kavu kama karanga. Kijana akaitikia kwa kichwa. Pengine aliuliza kama mtu wa zimamoto. Nimejiambia hivyo mara nyingi.

Anne aliporudi na kusikia, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akainuka, akaenda peke yake chumba kile alichozaliwa. Nilimkuta ameweka kiganja ukutani. Nikamwuliza kama angekubali kuhamia London. Alisema Hafidh akienda atamfuata, kama yeye alivyobaki huku kwa ajili yake, na mkono hakuutoa ukutani.

Nilirudi London kabla ya wiki kwisha, na Jumatatu iliyopita nikasikia redioni. Umesikia na wewe, bila shaka. Mji mdogo unaitwa Mölln, upande wa Magharibi, lakini si mbali sana na kwa Hafidh. Nyumba za Waturuki zimetiwa moto usiku. Amekufa mwanamke mtu mzima na wasichana wawili wadogo, Mwenyezi Mungu awarehemu. Waliozoea kusema kwamba mambo haya ni ya Mashariki tu wamenyamaza. Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Nikampigia Hafidh kwenye simu waliyowekewa mwaka huu. Nilitaka anisikie nikimwambia fungasha. Yeye akanipa habari akidhani ni ya kunifurahisha. Lothar alikuja siku ile ile ya habari, kofia mkononi. Akasema walichelewa siku ya ubani kwa sababu ya komeo, na kama ungekuwa moto wa kweli sisi wawili tungekufa. Akaomba zimamoto wapewe ufunguo wa mlango wa ghala, ule unaokwenda moja kwa moja kwenye ngazi za watumishi, na komeo la mlango mkuu lisiwekwe tena. Hafidh akautoa ufunguo kwenye shada lake, akampa. Sasa umetundikwa msumarini katika banda la zimamoto.

Nikamwuliza, na yule wa boriti, naye anaufikia? Akasema wote wanaufikia, vinginevyo hautakuwa na faida.

Nikamwambia arudishiwe ufunguo wake. Hapo sauti yake ikawa kama ya baba, ile ya kukata maneno. Aliniambia, "Miska, ama hawa ni jirani zangu ama si jirani zangu. Nikiwafungia, nimeshajibu mimi mwenyewe."

Basi hayo ndiyo yaliyoyaona macho yangu na yaliyoyasikia masikio yangu. Hafidh amesema ukimwita wewe atatoka, bila kuuliza, kwa sababu wewe ndiwe mama tuliyebaki naye. Mimi neno langu halina uzito kwake, kalizoea. Na wala silijui la kukushauri. Nikiwaza lile banda na ule msumari, nataka umwite leo, kwa simu, usingoje posta. Nikimkumbuka Lothar alivyokaa kwenye ngazi anajifuta uso, nataka umwache. Naogopa kwamba akitoka tutakuwa tumewaambia wale saba kuwa ni sawa na yule mmoja. Naogopa zaidi akibaki. Nimekuwa nikishtuka simu ikilia, hata ofisini, na watu wanadhani nina deni.

Ubani wako ulibaki kipande. Alhamisi iliyopita niliufukiza hapa kwetu, chetezo kidogo tu, lakini madirisha niliyafunga yote na mlango nikauwekea taulo chini, jirani asije akaona moshi akapiga simu. Abdulwakil alisimama mlangoni mwa chumba akanitazama. Akaniuliza, sasa kama umefunga kote, hilo baya litatokea wapi? Nikaendelea kusoma.

Nisalimie Mbarouk na mkewe, na Bi Time wa ghorofa ya chini, mwambie mtandio wake nimeupata na ninauvaa. Nisalimie wote wa Kikwajuni wanaoniulizia, na wasioniulizia pia. Abdulwakil anakuamkia. Watoto nao wanakuamkia, safari hii kwa Kiswahili, nimewasimamia.

Mwenyezi Mungu akupe afya ya mguu na utulivu wa roho, akufungulie kila mlango wenye heri na akufungie kila wenye shari, na akuonyeshe upi ni upi, kwani mimi nimeshindwa kuujua.

Wako akupendaye, anayesubiri neno lako,

Miska